Taa ya Kijani Juu ya Skrini

Kompyuta tulipewa bure na shirika moja lililozileta kwa gari jeupe. Mimi nikachaguliwa kuwafundisha watu wazima kila Jumamosi alasiri, katika chumba kilicho nyuma ya soko la mifugo hapa Isiolo. Ng'ombe walipolia nje, nililazimika kupaza sauti.

Siku ya kwanza nilianza na historia. Niliwaambia kwamba kompyuta za mwanzo zilijaza chumba kizima, zikiwa na mirija ya kioo iliyowaka kama balbu na kuungua ovyo. Kisha ikavumbuliwa transista, ndogo na isiyochoka upesi. Baadaye watu wakajua kupanga transista nyingi kwenye kipande kimoja kidogo, yaani chipu, na ndiyo maana leo kompyuta inaingia mfukoni.

"Hiyo kubwa ya kwanza, nani alikuwa na haja nayo?" aliuliza mama mmoja, muuguzi mstaafu, mkubwa wa umri kuliko wote darasani.

"Jeshi, mama. Wengine walitaka kupiga hesabu za mizinga, wengine kusoma siri za adui. Hata intaneti ilianza kwa pesa za jeshi."

"Na leo inasoma siri za nani, mwalimu?"

Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka.

Majuma yakapita. Jumamosi moja, darasa likiwa bado linaendelea, afisa wa lile shirika alinipigia simu kutoka Nairobi. "Hongera, mwalimu! Naona leo kina mama wamejaa mpaka mstari wa nyuma."

Nilimshukuru, nikakata simu, kisha nikabaki nimesimama na chaki mkononi. Nani alimwambia habari za mstari wa nyuma?

Kwanza niliwashuku wanafunzi wangu. Kulikuwa na mmoja asiyeacha kubofya simu, nikaanza kumtazama kwa pembe ya jicho. Nilipopita nyuma yake, aliifunika. Nikazidi kumshuku. Kumbe alikuwa akimwandikia mchumba. Jumamosi iliyofuata nikaona taa ndogo ya kijani juu ya skrini ikiwaka, kisha ikazima yenyewe. Hakuna aliyekuwa akitumia kamera.

Darasa lilipoisha nilijifungia ndani nikapekua. Nilikuta programu yenye jina la kawaida kabisa, na folda ya picha. Zilikuwa picha zetu.

Nilimpigia yule afisa.

"Ah, hiyo ni ya usalama tu, zisiibwe," alisema. "Na wafadhili wanapenda kuona zikitumika."

"Mbona hamkutuambia?"

"Mngekubali?"

Niliwaeleza wanafunzi kila kitu, nikapendekeza tuzirudishe zote.

"Zirudi kwake na nyuso zetu ndani?" muuguzi alisema. "Zifute. Lakini kwanza tuonyeshe."

Nikawaonyesha. Tulijiona midomo wazi, macho yamekodoka, mmoja akijikuna sikio. Hakuna aliyecheka. Kisha ikatokea picha ya mama kijana kutoka Burat, aliyezoea kuja na mtoto mchanga. Alikuwa akinyonyesha, shuka limemteleza begani. Nilikimbilia kuifunga, lakini alikuwa ameshaiona. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka.

Tulifuta mashine zote, nikaweka mfumo mwingine. Afisa akaacha kupiga simu. Baadaye alituma ujumbe kwamba mradi umefungwa. Darasa liliendelea, ila mama yule hakurudi.

Nikaenda kwake Burat.

"Salaam aleikum," nilibisha.

"Aleikum salaam. Karibu, mwalimu."

Alinikaribisha vizuri, lakini alikuwa akiutazama mkoba wangu.

"Simu yako imo humo?"

"Imo."

"Iache nje, tafadhali."

Nikaiweka juu ya kigoda uani, kuku wakiizunguka. Tulikunywa chai, tukaongea kuhusu mtoto na mahindi yake yaliyokosa mvua. Mwishowe nikamwambia kwamba picha tumezifuta zote, kila mashine, nimehakikisha mwenyewe.

"Hizo ni za kwenu huko darasani," alisema. "Na zile zilizokwisha kumfikia yule afisa?"

Alichukua birika, akaniongezea chai.