Moto Ambao Si Wangu Kuuwasha

Mimi siwezi kukaa na kitu moyoni. Mama yangu anasema mdomo wangu ulizaliwa kwanza, mimi nikafuata. Kwa hiyo siku ile tuliyomkaribisha mkuu mpya wa mafunzo ya vijana, nilivyonyamaza tangu asubuhi, mtu anayenijua angeshtuka. Lakini anayenijua alikuwa ameshapanda ndege.

Anayenijua ni bibi mmoja wa Kiyahudi aliyekiongoza kituo chetu cha mafunzo ya vijana miaka mingi. Vijana wao wa sekondari wanakuja pale wakitoka shule, wanasoma Torati, wanabishana mpaka koo zinakauka, halafu wanakula. Mpishi ni mimi. Hakuna chuo kilichonifundisha. Nilianza kwa kufagia, huku namchungulia aliyekuwa anapika, alipoacha kazi nikasema naweza. Kamati ya kituo ikacheka. Bibi hakucheka. Alisema, "Mpeni sufuria." Tangu siku hiyo, ukimsema vibaya bibi mbele yangu, jiandae.

Jiko la Wayahudi lina sheria zake. Nyama na maziwa havikutani, hata vijiko vyake havijuani. Hayo niliyazoea upesi. Lililonikaa kooni ni moto. Mimi si Myahudi, kwa hiyo naweza kumenya, kukata, kuunga, kukoroga, lakini moto lazima auwashe Myahudi, la sivyo hawali. Mwanzoni niliona ni dharau. Nikamuuliza bibi usoni, "Mkono wangu una nini?"

"Hauna kitu," akanijibu. "Nisipowasha, umewapikia wewe. Nikiwasha, tumepika wote."

Basi kila asubuhi alikuja jikoni na koti lake, akawasha jiko la gesi na tanuri, akanywa chai ya rangi akiwa amesimama, akaniuliza habari za Bertrams, mtaani kwetu, na presha ya mama yangu, ndipo akaenda ofisini.

Mwaka huu watoto wake wakamvuta Australia. Hata wiki haijapita, kamati ikaanza kunong'ona kwamba jiko ni mzigo, bora chakula kiletwe na kampuni. Bibi alikuwa amewakatalia miaka yote, anawaambia kijana haji kusoma penye baridi na mkate mkavu. Sasa wakasema tuone mkuu mpya atalipelekaje. Maana yake siku ya kumkaribisha ilikuwa mtihani wa jiko, na wa kazi yangu.

Akaja. Kijana kutoka Cape Town, mwembamba, kikofia chake cha Kiyahudi kimeshikwa na kibanio cha nywele. Alinisalimia vizuri mlangoni, akapita, akaingia ofisini kwa bibi. Mara nikasikia miguu ya meza inakwaruza sakafu. Anaihamisha meza ya bibi! Damu ikanichemka. Nikasema moyoni: sawa. Meza umeiona, jiko hujaliuliza. Sikuambii.

Nikamenya viazi. Nikamuunga kuku, nikampanga kwenye trei. Karoti na vitunguu kwenye sufuria ya supu, maji juu yake. Kila kitu tayari, na jiko baridi. Mlinzi wetu, Mkongomani anayekaa mtaa wa La Rochelle, akachungulia.

"Eh, dada, leo mbona sisikii harufu ya kitu?"

"Muulize bosi wako."

"Bosi ndiye anapika?"

"Moto ni kazi yake. Kama hajui, aaibike mbele ya kamati."

Akanitazama weee. "Yeye ataaibika, kesho atakuwa ofisini. Weye kesho utakuwa wapi?"

"Rudi getini kwako!"

Mchana ukapita. Nikampigia bibi. Ukweli ni kwamba nilitaka anisifu.

"Bibi, huyu mtu wenu hajui chochote. Mpaka saa hizi jiko halijawashwa, na mimi sisemi neno."

"Hujamwambia?"

"Kwani wewe nani alikuambia?"

"Mpishi wa zamani. Alinifokea mbele ya watu."

Hilo sikulitegemea. Nikasema, "Bibi, ameihamisha meza yako."

"Meza ile haipati jua, nimeichukia tangu siku ya kwanza. Wewe unadhani unanilinda? Kamati wanangoja jiko lishindwe, na wewe unawasaidia. Nenda!"

Akakata simu. Hajawahi kunikatia simu.

Nikachukua kiberiti, nikaingia ofisini bila kubisha hodi. "Njoo uwashe moto."

"Moto gani?"

"Wa jikoni. Mimi siruhusiwi."

Rangi ikamtoka. Alikotoka, mpishi alikuwa Myahudi, hakuna aliyewahi kumwita awashe. "Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza?"

Tukakimbia jikoni. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikamuunguza kidole, huku ameshafungua gesi. "Njiti kwanza, gesi baadaye, utatulipua!" nikamfokea.

Vijana wakafika supu haijachemka. Kamati nao, na suti zao. Hotuba zikavutwa mpaka watoto wakaanza kupigana viwiko. Viazi vikatoka vigumu katikati. Kuku nilikataa kumtoa, maana damu ilikuwa bado mfupani. Wakala mkate na supu ya vuguvugu. Mzee mmoja wa kamati akasema kwa sauti, nasikia, "Mnaona? Kampuni ingekuwa imeshaleta."

Nilikuwa mlangoni na upawa mkononi, pumzi nimeshaivuta. Yule kijana akaniwahi.

"Kuwasha moto ni kazi yangu, na sikuwasha. Mpishi hana kosa."

Hakunitazama. Eish, bora angenisema. Angenisema ningejua pa kuanzia. Nilirudi jikoni nikaisugua trei ambayo hata haikuwa chafu.

Kamati imesema itaamua muhula ukiisha, na muhula uko ukingoni. Bado sijamzoea. Anawasha, anaondoka, chai hanywi, mama yangu hamuulizii. Na meza kweli inapata jua pale dirishani, hilo nalo linanikera. Siku za mvua taa za kuongoza magari, huku tunaziita robot, zote zinakufa, foleni inamchelewesha.

Leo asubuhi pia. Sufuria zimejaa, kiberiti kiko mezani, yeye hayupo. Nilikaa kidogo nikiliangalia jiko. Kisha nikachukua simu.

"Uko wapi?"

"Kwenye foleni. Robot imekufa, hakuna anayempisha mwenzake."

"Watoto wanakuja leo."

"Najua, dada. Nakuja."

"Usiniambie najua, fika," nikasema, nikaenda kumfungulia geti mwenyewe.