Mlango wa Friji ya Shangazi

Walisema sitamaliza msimu mmoja na karakana ya friji hapa Litein. Huku ni baridi, wakasema, nani atalipa fundi wa kuleta baridi nyingine? Stashahada yangu ya Nairobi, walivyoona wao, ingeishia kwenye kikapu cha kuchuma chai. Leo mabucha na wauza maziwa hadi Sigor wananipigia simu mimi, na sioni haya kusema kwamba katika kazi hii hakuna anayenifikia.

Lakini friji iliyoninyima utulivu ilikuwa imekufa. Ilikuwa ya shangazi yangu, dada ya baba, ninayemwita Senge, aliyeinunua kwenye mnada wa nyumba ya meneja wa shamba la chai. Ilikuwa ya zamani, yenye komeo la chuma linalojifunga lenyewe. Mota ilipokufa, aliiweka nyuma ya jikoni na kupanga ndani vibuyu vyake vya mursik, maziwa yetu ya kugandishwa. Panya hawafiki, jua halifiki. Majirani walimsifu sana.

Wajukuu wake walichezea kibemasa, ule mchezo wa kujificha, uani hapo. Chuoni tulifundishwa kwamba mlango wa namna ile haufunguki kutoka ndani, na mpira wake haupitishi hewa. Friji ikifa, kwanza hung'olewa mlango. Nilimwambia shangazi zaidi ya mara moja.

"Weri," alinijibu, kwani kwake mimi bado ni kijana mdogo, "umeshindwa kuifufua, sasa unataka kuivua nguo?"

Nikawa mtu wa kuhangaika. Niliweza kuwa Siongiroi, kichwa ndani ya friji ya bucha, nikasikia komeo lile likijifunga. Nilikatiza kazi na kupita kwake bila sababu, nikihesabu watoto.

Jumapili moja baada ya kanisa, hesabu haikutimia. Nilikimbia nikaufungua mlango kwa nguvu. Vibuyu tu. Mtoto akatoka katikati ya michai akicheka, na ua mzima ukacheka naye. Shangazi akauliza kama chuoni walinifundisha pia kuogopa maziwa.

Niliingia jikoni, nikachukua redio yake iliyokuwa na mahubiri, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaiweka kati ya vibuyu na kufunga mlango. Mahubiri hayakusikika tena. Shangazi akasogea, akabandika sikio kwenye bati.

"Mhubiri amemaliza?"

"Hajamaliza, Senge. Anapiga kelele."

Shangazi aliinuka. Kisha alifungua mwenyewe, na sauti ikatoka kama mtu aliyesukumwa. Akaanza kutoa vibuyu, kimoja kimoja.

"Lete spana."

Niling'oa mlango na komeo lake. Jirani alitaka kukata mabomba ya nyuma akauze shaba. Nilimzuia: mna gesi ndani, nayo hutolewa kwa mashine yangu na kuingizwa kwenye mtungi, haiachiliwi uani penye watu. Shangazi alihamishia vibuyu kwenye rafu ya jikoni, akalalamika kuhusu panya, akanikaribisha kiti.

Watoto walikuwa wameshaingia kwenye lile sanduku lisilo na mlango, wakafungua duka la majani ya parachichi. Nilipokea mursik wangu nikakaa nikiwapa mgongo, nikanywa polepole, bila kugeuka.