Mkutubi Aliyejipa Mbili

Wanafunzi walimwita Mama Miwani, kwa sababu miwani yake ilikuwa na mguu mmoja uliofungwa kwa uzi mweusi, na kila alipokasirika aliivua akaifuta kwa upindo wa gauni. Alikuwa mkutubi wa shule ile ya msingi kwa miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mwalimu mkuu, mpaka kompyuta zilipoingia na mashine yake ikatupwa stoo. Naye, kwa maneno yake mwenyewe, akatupwa maktaba. Mwanzoni vitabu havikumwambia kitu. Alivizoea pole pole, kama mtu anavyozoea majirani wapya, hadi siku moja akajikuta anavisemea.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kirefu nyuma ya darasa la nne. Nusu yake ilijaa madawati ya mitihani, yamepandishwa moja juu ya jingine hadi karibu na dari. Nusu iliyobaki ilikuwa na rafu, na meza moja kubwa ambayo walimu waliifanyia vikao. Kukiwa na kikao, wanafunzi hawaingii. Na vikao shuleni pale havikuwa na idadi.

Kila mwaka ofisi ya elimu ilileta fomu ya tathmini ya maktaba: kurasa nne, maswali thelathini, na kwa kila swali shule inajipa alama. Moja ni dhaifu, nne ni bora sana. Mwalimu mkuu aliijaza mwenyewe, nne tangu juu hadi chini, na Mama Miwani alitia sahihi bila kusoma. Mwaka huo mkuu alikuwa mbioni na ujenzi wa vyoo vipya, akamwekea fomu mezani pamoja na nakala ya mwaka uliopita.

"Nakili tu, mama. Bado una mwezi mzima, ukimaliza niletee nigonge muhuri."

Akaanza kunakili. Alipofika swali la tisa kalamu ikasita. *Je, wanafunzi huazima vitabu kwenda navyo nyumbani?* Jibu la mwaka jana: *Ndiyo, kila wiki.* Ukweli ni kwamba miaka minne ilikuwa imepita tangu mkuu apige marufuku kuazima, baada ya vitabu viwili kupotea. Na asubuhi ile ile binti mmoja wa darasa la sita alikuwa amemfuata na hadithi moja ya kurasa mia mbili mkononi.

"Mama, naomba uniambie tu mwisho wake. Huu muhula wa pili naisoma mapumziko kwa mapumziko. Nikirudi nakuta mwingine ameichukua, naanza kutafuta nilipoishia."

Mama Miwani aliivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akaikunja ile nakala ya mwaka jana, akaitia kwenye droo.

Kwa wiki tatu alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika chumba kile. Alikata vipande vyembamba vya karatasi, akachomeka kimoja katika kila kitabu, kwa namna ambayo ukikifungua lazima kidondoke. Akaweka kiti karibu na mlango na kuchora kijistari kwa kila anayeingia. Akawauliza wanafunzi arobaini, mmoja mmoja, kitabu cha mwisho walichokimaliza ni kipi. Akapanga vitabu kwa umri, na hapo ndipo alipocheka peke yake hadi machozi yakamtoka: shule ilijisifu kwa vitabu elfu moja na mia mbili, lakini mia nane vilikuwa vya mtaala uliokwisha kufutwa, na miongoni mwa vile vya msaada mlikuwa na orodha sita za namba za simu za mji asioujua na kitabu kinene cha kutengeneza majokofu.

Wiki tatu zilipokwisha, vitabu tisini na vinne tu ndivyo vilivyokuwa vimedondosha karatasi zao. Wanafunzi ishirini na sita kati ya arobaini hawakuwa wamewahi kumaliza kitabu chochote.

Akaijaza fomu. Moja. Moja. Mbili. Moja. Usafi aliupa tatu, kwa kuwa alifagia mwenyewe. Akafika swali la ishirini na nane: *Utendaji wa mkutubi.* Akakaa nalo. Angeweza kuliruka. Akaandika mbili, na kwenye mstari wa maelezo akaongeza: *Anajua kila kitabu kilipo. Hajawahi kuwapigania wasomaji wake.*

Nyumbani alimwonyesha mumewe, fundi wa baiskeli, mtu asiyependa makuu. Fundi alisoma huku akifuta grisi vidoleni.

"Mke wangu, wewe unatafuta kufukuzwa?"

"Natafuta kujibu swali nililoulizwa."

"Na hapa umejisema mwenyewe!"

"Ningewasema wengine nikajiacha mimi, ungekuwa umbea."

Fundi akatikisa kichwa. Alikuwa ameishi naye muda wa kutosha kujua kwamba akishajibu kwa sauti ile ya chini, mazungumzo yamekwisha.

Mwalimu mkuu aliisoma fomu akiwa amesimama, kisha akakaa. Hakuwa mtu mbaya. Vyoo alivyovihangaikia vilikuwa vinahitajika kweli. Lakini shule yake ilikuwa ya pili katika orodha ya wilaya, na alitaka ibaki ya pili.

"Mama, hii ni nini?"

"Tathmini, mwalimu."

"Unajua shule nyingine zote zinajipa nne?"

"Najua. Ndiyo maana hakuna anayekuja kuzitazama."

"Andika upya."

"Sitaandika upya. Ukitaka, kaa maktaba siku moja uhesabu wewe. Ukipata tofauti na yangu, nitabadilisha mbele yako."

Mkuu akaisukuma fomu. "Mimi sigongi muhuri."

"Basi, mwalimu," alisema, akaichukua. Kwenye nafasi ya sahihi ya mkuu aliandika kwa herufi za mpiga chapa, zilizonyooka: *Amekataa.*

Ofisi ya elimu aliipeleka mwenyewe, kwa miguu. Karani wa mapokezi, kijana mwenye kucha ndefu za rangi, aliigeuza mara moja tu.

"Mama, haina muhuri. Hatupokei."

"Mwanangu, imeandikwa wapi kwamba hampokei?"

Karani akatafuta kwenye fomu. Hapakuwa pameandikwa. Akamwambia arudi kesho. Mama Miwani akavuta benchi, akakaa mkabala naye, akatoa kitabu mkobani. Watu waliingia wakahudumiwa, wakatoka. Saa mbili baadaye karani, aliyechoka kutazamwa kila mara ukurasa ulipofunuliwa, aligonga muhuri wa *Imepokelewa* kwa nguvu iliyotikisa meza.

"Ahsante, mwanangu. Na nakala yangu pia."

Baada ya majuma matatu mkaguzi alitangaza kuja. Madawati ya mitihani yalihamishwa kwa siku moja, jambo ambalo Mama Miwani alikuwa ameliomba kwa miaka saba. Wanafunzi thelathini na mmoja wa darasa la sita waliketishwa, kila mmoja na kitabu, wakaambiwa wasome na wasiseme neno.

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi aliyebeba ile fomu mkononi, kurasa zake zimekunjwa pembe.

"Ni wewe uliyejipa mbili?" aliuliza.

"Ni mimi."

Mkuu akacheka kidogo. "Bwana mkaguzi, huyu mama ana mambo yake ya nyumbani siku hizi."

"Nyumbani kwangu ni shwari kabisa," Mama Miwani alisema. "Mambo yako hapa."

Hapo hapo yule binti wa darasa la sita alinyoosha mkono. Mkaguzi akamruhusu.

"Samahani. Leo tunaruhusiwa kwenda navyo nyumbani?"

Chumba kizima kikageuka kumtazama mkuu. Mkuu akamtupia jicho mkaguzi.

"Bila shaka," alisema. "Kuazima kupo siku zote."

Mama Miwani hakungoja neno la pili. Alifungua daftari jipya, akapiga mistari kwa rula, akaita: "Pangeni foleni. Jina, darasa, kitabu." Mkaguzi alisimama kando kama aliyesahaulika, huku wanafunzi thelathini na mmoja wakitoka na vitabu kifuani, mmoja mmoja, na mkuu akiwatazama kama mtu anayeona vyombo vya nyumba yake vikibebwa mchana kweupe.

Kesho yake mkuu alimwita Mama Miwani ofisini. "Virudishwe vyote leo."

"Muda wao ni wiki mbili. Uliruhusu mbele ya mkaguzi, mwalimu. Mwenye kuvifuata nyumbani ni wewe, si mimi."

Ripoti ilipotoka, shule ilishuka hadi ya mwisho wilayani. Walimu walinyamaza kila alipoingia kunywa chai. Mmoja alimwambia waziwazi, "Umetuaibisha." Akamjibu, "Nimewaandika tu," akaongeza sukari. Ilifuata barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu, ikimtaka ajieleze ndani ya siku saba. Maelezo yake yalikuwa mstari mmoja: *Nilijaza fomu kwa sababu niliulizwa.*

Lakini ripoti ile ile iliagiza mambo matatu: madawati yasirudi, vikao vitafutiwe chumba kingine, na kila darasa lipewe kipindi cha maktaba kisichoguswa na somo jingine. Mkuu alitekeleza yote, kwa uso uliokunjamana, lakini alitekeleza.

Kati ya vitabu thelathini na kimoja, ishirini na vinane vilirudi kwa wakati. Viwili vilichelewa. Kimoja hakikurudi kabisa. Siku mkuu aliposikia, alikuja mwenyewe hadi mlangoni mwa maktaba.

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia, mwalimu. Kimeandikwa hapa. Kimoja."

Mkuu alitaka kuendelea, lakini ulikuwa wakati wa mapumziko, na ilimbidi asogee ukutani, maana alikuwa amesimama njiani na waliokuwa wanaingia walikuwa wengi.