Magoti ya Mama Guyo

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo naona haya. Nilikuwa sijafika miaka thelathini, na akina mama wenzangu wauza maziwa ya ngamia hapa mtaani Wabera walikuwa wamenichagua niwasimamie. Cheo kilinipanda kichwani kidogo, sikufichi.

Mama Guyo ndiye aliyepokea maziwa yaliyotoka kwa wafugaji wa Gotu. Alikuwa akifungua kila mtungi, ananusa, anasema haya yatafika Nairobi kabla hayajaharibika, haya tuyanywe hapa hapa. Hakukosea. Lakini magoti yake yalikuwa yamevimba kwa ugonjwa wa viungo, ule usiopona, na kila akiinama alishika kiuno. Nilimwonea huruma sana. Basi nikaamua peke yangu: kazi yake nikampa msichana mwenye nguvu, nikafunga sukari na majani ya chai kwenye mfuko, kama tunavyomwendea mgonjwa, nikaenda kwake mtaa wa Bulla Pesa kumwambia apumzike.

Aliupokea mfuko, akaulizia watu wa kwetu wote, kisha akaurudisha mapajani mwangu.

"Hii sukari ni ya pole ama ni ya kunifukuza?"

Nikababaika, nikataja magoti.

"Magoti ndio mgonjwa. Hii pua iko mzima. Mbona hukuniuliza?"

Kisha akalia, mwanangu, na si kwa maumivu. Alisema akibaki nyumbani watu watamletea pole mpaka asahau kwamba aliwahi kujua kitu. Nami nikalia.

Ndipo nikamuuliza, kwa kuchelewa, angetaka nini. Hakutaka makubwa: meza, ili wenye nguvu wapandishe mitungi naye anuse akiwa ameketi, na siku za kliniki asihesabiwe mtoro. Fundi aliimaliza meza kwa siku moja. Mama Guyo alifanya kazi miaka minane tena, na yule msichana akajifunza kwake kunusa.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliye na watu chini yako. Mwenzako akipata ugonjwa wa kuishi nao, iwe presha, kisukari au kifafa, usikimbilie kumpumzisha. Kaa naye, muulize kinachomshinda na anachokiweza, halafu rekebisha kazi, mtu umwache mahali pake. Mimi nilikuwa na huruma tele, na nusura nimfukuze mtu nayo.

Mungu akupe afya, mwanangu. Na siku afya ikipungua, akuweke kati ya watu watakaokuuliza kabla ya kukuamulia.