Mafundi wa Viraka

Alikuwa fundi cherehani, na macho yake yalizoea kuona mshono uliofumuka kabla mwenye nguo hajauona. Ndiye aliyegundua vidoa vyekundu miguuni mwa bintiye, kama mtu aliyechomwachomwa sindano, na damu ya fizi iliyobaki kwenye mto kila asubuhi. Dawa za saratani zilikuwa zimemmalizia chembe sahani za damu.

"Chembe nyekundu zinabeba hewa, nyeupe zinapigana na maradhi," nesi alimweleza. "Sahani ndizo zinazokimbilia palipochanika zikaziba. Mwanao hana mafundi wa viraka, mama. Tafuta mtu wa kumtolea, upesi."

Akaenda moja kwa moja buchani kwa kaka yake.

"Si nilitoa damu alipolazwa mara ya kwanza?" kaka alisema, shoka likiwa hewani. "Mfuko mzima! Uko kwenye friji yao. Waambie waufungue."

"Kwani damu ni paja la ng'ombe, ulitundike? Nyekundu zako alishatiwa. Sahani hata baridi hazitaki. Zinatikiswatikiswa kwenye mashine, na siku ya tano zinamwagwa."

"Zinamwagwa! Na nilivyoteseka na ile sindano!"

Wateja wakacheka. Fundi hakucheka.

"Kutwa umeroa damu mpaka viwikoni, ila damu ya wengine. Yako ndiyo ya kutunzwa? Mjomba gani wewe?"

Kicheko kikakatika. Kaka akashusha shoka taratibu. "Kesho asubuhi, dada. Naapa."

Akaja kweli, na mkewe nyuma yake, shati limenyooshwa kwa pasi kama la bwana harusi. Nesi akamuuliza kama amekunywa dawa yoyote.

"Aspirini tu. Mbili jana, mbili leo. Nimeyawahi maumivu kabla hayajaniwahi."

Nesi akaweka kalamu chini. "Aspirini inazilegeza hizo chembe, mzee. Hazishikani tena. Zako siwezi kumpa mtoto."

Fundi akamgeukia kaka yake. "Mwanangu anavuja, na wewe unaniletea mafundi walevi!"

"Dada, mimi nilijuaje?"

"Ungeuliza! Bei ya maini unaijua, ya mbuzi na ya ng'ombe!"

"Nyamazeni nyote wawili." Alikuwa wifi, mke wa kaka, mwanamke wa maneno machache. Alikuwa ameshapandisha mkono wa gauni. "Mimi sijameza kitu. Na hakuna aliyeniuliza."

Ni kweli, hakuna aliyemuuliza.

Wakampima, akafaa. Mashine ikavuta damu yake, ikachuja chembe sahani, ikamrudishia nyekundu zake mkononi. Kilichobaki kwenye mfuko kilikuwa cha manjano, kama supu iliyochujwa. Jioni kikaanza kuingia kwa binti, tone kwa tone, mama yake akiukodolea macho ule mrija.

Sauti ya kaka ikasikika ukumbini, kwenye simu. "Ndiyo, tumetoa. Kazi si ndogo, lakini damu tumetoa."

Fundi akatoka, akamnyang'anya simu. "Ametoa mkewe," akamwambia huyo wa upande wa pili, kisha akairudisha mkononi mwa kaka na kuingia ndani.

Asubuhi aliugeuza mto huku na huku akitafuta damu. Hakuiona. Akaupigapiga kwa ngumi hadi ukajaa vizuri, akamwekea bintiye chini ya kichwa. Hasira alikuwa nayo bado.