Kopo Chini ya Kompresa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila nikisikia kompresa ikinguruma. Umekuja kuazima kibunduki changu cha kupulizia rangi ukachore watoto nyuso huko Molo, na nitakupa. Lakini kaa kwanza. Chai iko, na Molo haihami.

Wakati huo nilikuwa kijana, nachora matatu, zile gari za abiria, hapa Nakuru. Mkono nilikuwa nao, hilo sikufichi, ila kichwa kilikuwa kimevimba kuliko mkono. Fundi wangu, Mzee Ochieng, ndiye aliyenifundisha kuchora watu nyuso. Alikuwa na chupa zake za rangi ya ngozi, ile inayotoka kwa maji na sabuni, na hakuziweka rafu moja na rangi za magari. Kabla ya kugusa mtoto wa mtu, alijipaka yeye mwenyewe ndani ya mkono, akangoja. Halafu akampaka mtoto tone moja mkononi, akangoja tena. Kungoja huko kulinichosha sana. Nilimwita saa mbovu, akiwa hayuko bila shaka, na vijana wenzangu wakacheka.

Basi kanisa letu la Lanet likawa na sikukuu ya watoto. Mzee alishikwa na homa, akanituma peke yangu. Nikachora chui, nikachora kipepeo, na kila mtoto akiinuka watu wanapiga makofi. Sifa zikanilewesha. Mwisho wa foleni alibaki Nekesa, binti wa jirani yetu, miaka sita hivi. Alikuwa amesimama tangu asubuhi bila kusumbua mtu.

"Anko, mimi nataka flamingo," akasema. "Shavu lote."

Rangi ya waridi, ambayo ndiyo ya ndege huyo, ilikuwa imeisha. Ningemwambia tu, mwanangu. Ningemchorea kipepeo wa buluu akaridhika, watoto si wagumu hivyo. Lakini niliona aibu kusema sina. Kwenye begi kulikuwa na kopo la rangi ya matatu, waridi safi kabisa. Nikaimimina, nikaongeza thina kidogo, ile dawa ya kulainishia rangi, ipite vizuri, nikamwambia afumbe macho. Akasema inawasha. Nikamwambia avumilie, urembo ndivyo ulivyo.

Flamingo yule alitoka mzuri kuliko kazi yangu yote, na hilo linaniuma mpaka leo.

Jioni mama yake akaja kwetu karakana amembeba. Uso umevimba, jicho moja limefunga, sabuni haitoi kitu. "Kijana, ulimpaka nini?" Hakuwa na hasira, alikuwa na haraka. Alikuwa njiani kwenda hospitali na alitaka kujua atamwambia daktari nini.

"Si ni ile tu ya uso, mathe," nikasema. Kopo nilikuwa nimelisukuma chini ya kompresa, nikalifunika na gunia.

Basi mtoto akatibiwa kama aliyepakwa vipodozi tu, na rangi ile ikakaa shavuni mpaka kesho yake. Asubuhi Mzee Ochieng, aliyekuwa amesikia habari za Nekesa na jibu nililompa mama yake, akaja na homa yake kuangalia vyombo. Akafunua gunia, akaliona kopo, akalinusa.

"Kupaka ulikosea," akasema. "Kila fundi hukosea. Lakini mama wa watu amekuuliza swali moja, na ukamdanganya. Libebe mkononi watu wakuone, umpelekee daktari."

Nikatembea nalo Lanet nzima. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeficha maradhi ya mtoto wa wenyewe. Daktari alisoma kopo, akaniambia angejua jana, huenda kovu lisingebaki. Jicho lilipona, namshukuru Mungu. Kovu liko. Niliomba msamaha, nikapewa, na mama yule hata chai alinipa. Sikuweza kuinywa.

Mwaka jana nilikuwa nikichora watoto kwenye sherehe, na kasichana kamoja kakaja mbele yangu kakaniambia kanataka flamingo. Kabla sijajibu, mama yake akaja akamshika mkono pole pole. Alikuwa Nekesa, na kovu lile shavuni. "Huyu hapakwi, mzee," akasema, kwa heshima zote, wakaondoka. Niliona haya mbele ya foleni nzima, na watu wa foleni hawakujua kwa nini.

Chukua kibunduki, mwanangu. Rangi ya bati ni ya bati, isikaribie ngozi ya mtu. Anza na mkono wako mwenyewe, na ungoje, hata wakikuita saa mbovu. Rangi ikiisha sema imeisha. Na mama akikuuliza umempaka nini mtoto wake, mwambie ukweli saa hiyo hiyo, hata kama unaona aibu, maana kosa la mkono hutibiwa mapema likisemwa mapema.

Haya, nenda. Mungu aubariki mkono wako, na kila uso utakaoupaka utakate kwa maji na sabuni, urudi kwa mama yake jinsi alivyokuletea.