Kutembea Bila ya Msiba

Mtu akifika umri wangu, watu humtakia jambo moja tu: akae. "Kaa, mama." "Kaa, bibi, tutakuletea." "Kaa tu, wewe ushafanya kazi yako." Mke wa mwanangu, Mungu ambariki, hakuniachia hata kuinua ndoo. Maji ya mfereji yalikuwa yameshafika uani, kwa hiyo kisimani siendi. Kuni zililetwa na mtu kwa baiskeli. Shamba walilishika watoto. Basi nikakaa. Nikakaa mpaka magoti yakasahau kazi yake, sukari ikapanda, na ikafika adhuhuri moja nikasujudu nikashindwa kuinuka. Nikaita, wakaja mjukuu na mama yake wakanivuta, huyu huku na huyu huku, kama gunia la mpunga. Tangu hapo nikawekewa kiti, nikawa nasali juu ya kiti.

Sikupenda. Nasema kweli, nililia. Mama yangu mzazi alianza hivyo hivyo: kwanza kiti, halafu kitanda, halafu mlangoni hakutoka tena mpaka alipotolewa kwa jeneza. Watu walisema alitunzwa vizuri sana. Alitunzwa, sikatai, lakini mie sikutaka kutunzwa namna ile.

Nesi wa kituo cha afya alikuwa mtoto mdogo, ningeweza kumzaa mama yake, lakini ulimi wake mkali kama pilipili. Akanibonyeza magoti akasema, "Bibi, miguu hii ukiilaza haitaamka. Tembea kila siku asubuhi, upesi upesi, mpaka utoke jasho."

"Nitembee kwenda wapi?"

"Popote."

Popote ndiyo wapi?

Kwetu Gando mwanamke hutembea kwa sababu. Anakwenda shamba, anakwenda pwani, anakwenda kumtazama mgonjwa, harusini, msibani. Miguu yake ina habari, na kila anayemwona ana haki ya kuiuliza. Ukisema unatembea tu, basi umegombana na watu nyumbani, au akili imeanza kuhama. Siku ya kwanza sikufika hata msikitini nikakutana na jirani anaanika karafuu zake.

"Sabalkheri, bibi. Wenda wapi?"

"Natembea."

"Haya. Wenda wapi?"

"Si nimekwambia natembea!"

"Alaa. Mwanao hajambo lakini?"

Niliporudi, mke wa mwanangu alishaletewa habari kwamba nimeonekana nimepotea, na kwamba nisiachwe peke yangu.

Hilo la akili ningelivumilia. Lililonichoma ni siasa. Ilikuwa miaka ile ya vyama vingi, kabla wakubwa hawajapeana mikono, na sisi huku chini tulikuwa tumegawana kila kitu. Duka la hawa na duka la wale. Harusi ya hawa, wale hawaendi. Mpaka maiti akawa na chama. Na njia nzuri ya kutembea pale kijijini, tambarare, isiyo na matope wala mizizi, ilikuwa moja tu, nayo ilipita mbele ya nyumba ya shoga yangu.

Huyu shoga yangu tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tukapigwa bakora moja, tukachuma karafuu katika shamba moja, yeye mtini juu, kama si mtoto wa kike, na mie chini naokota. Mumewe akaingia chama kile, mume wangu chama hiki, na mazungumzo yetu yakaishia hapo. Mumewe alipofariki, mie nilikuwa ndani, nimekaa eda ya mume wangu, na mwenye eda hatoki. Waliokuja kumzika walishuka garini kutoka vijiji vya mbali, watu wa chama chao. Watu wa hapa walifunga madirisha. Watoto wake wako Unguja na Mombasa. Alibaki peke yake katika nyumba ile, na nikipita nilimkuta anafagia uwanja. Ananitazama, namtazama, napita, kama wawili ambao hawajapata kula sahani moja.

Haikuchukua muda mwanangu akanijia. "Mama, watu wanasema unapeleka maneno kule."

"Maneno gani? Kwamba magoti yananiuma?"

"Mtembezi hula miguu yake, mama."

"Na anayekaa kitako, mwanangu, yeye huliwa na nini?"

Lakini huyu ni mtoto wa baba yake, neno akishalishika haliachi. Akasema nisubiri uchaguzi upite, na kwa sasa nitembee humo humo uani. Siku hizi husimulia watu kwamba yeye ndiye aliyenihimiza kutembea! Nikazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nageuka kwenye mfereji, nageuka kwenye banda, kizunguzungu kikanishika kabla ya jasho. Uchaguzi ulikuwa mbali, na magoti yangu hayakuwa na chama. Nikasema hapana, kesho natoka. Nilijua vizuri kwamba likizuka neno jingine moja tu juu yangu, nitafungiwa ndani kwa heshima zote, na safari yangu ya mwisho ya nje itakuwa ile ya mama yangu.

Asubuhi hiyo kulikuwa na rasharasha na kibaridi. Kwa kawaida nilikuwa najitupia kanga, lakini nikaogopa kulowa, nikavaa buibui langu jeusi, nikajifunika vizuri, nikatoka watu bado wananawa uso. Nilikwenda mbio mbio nipate kurudi kabla barazani hawajajaa.

Sasa jitazamie mwenyewe: bibi mzima, buibui jeusi, mapema yote ile, mvua inanyunya, na mwendo ule. Kwetu jambo hilo lina maana moja tu. Mwanamke wa kwanza alikuwa mlangoni anamimina maji. Akasimama wima.

"Nani?" akaniuliza.

Pumzi sina. Nikainua mkono tu, maana yake ngoja, nitakusalimu nikirudi. Yeye akaona nimezidiwa na uchungu hata kusema siwezi. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema, akakimbilia ndani kuchukua kanga yake. Na adabu ya kwetu, mwenye uchungu hachokonolewi kwa maswali njiani. Unamfuata, mbele ya safari utajua.

Nikasikia ndara nyuma yangu, pwata pwata. Nikadhani ana safari yake. Kidogo zikawa ndara nyingi. Nikikaza mwendo, nao wanakaza. Nilipofika penye kona nikageuka, lo! Nyuma wanawake wamejaa njia nzima, wamejifunika, nyuso zimeinama, mmoja ana mbuzi ya kukunia nazi kwapani kama wanavyofanya wanaokwenda kusaidia kupika. Hapo moyo wangu ukanipasuka. Kumbe kuna msiba! Kuna msiba hapa kijijini, na mie natembea kutafuta jasho! Nikaona haya hata kuuliza ni nani aliyefariki, maana wataniona sina habari na watu. Nikaamua niende nao tu, nitajua mbele ya safari.

Basi tukaenda. Wao wananifuata mie, na mie nangoja wanipite waniongoze. Napunguza mwendo, wanapunguza. Nasimama kidogo, wanasimama, mmoja ananishika mkono ananiambia, "Jikaze, bibi, yote ya Mungu." Nikajikaza. Nikaanza na mie kulia, kumlilia nisiyemjua, na miguu ikaanza kutetemeka. Ilipotetemeka sana nikaona bora nikae popote pale, na mahali pa karibu palikuwa baraza ya shoga yangu. Nikajitupa hapo.

Walipoona nimekaa wakajua tumefika. Yule wa mbuzi akaangua kilio.

Mlango ukafunguliwa, akatoka shoga yangu, mzima, ufagio mkononi. Akatutazama. Kilio kikakatika.

"Nani kafa?" akauliza.

"Mie sijui," nikasema. "Waulize hawa."

"Hujui?" akasema yule wa mbuzi. "Sisi si tumekufuata wewe!"

"Mie natembea!"

"Unatembea wenda wapi?"

"Toba! Natembea tu! Nimeambiwa na nesi!"

Kuna aliyeanza kucheka, akajiziba mdomo. Shoga yangu hakucheka. Alikuwa anawatazama mmoja mmoja, na wote walikuwa watu wa kwetu, wa chama hiki, ambao miguu yao haikukanyaga uwanja ule tangu mambo yalipoharibika.

"Nyumba hii nakaa peke yangu," akasema. "Sasa nyie mlipokuwa mnalia hapo, mlidhani mnamlilia nani?"

Wakasukumana viwiko. Mwisho yule wa mbuzi, mwanamke asiyejua kusema uongo, akasema, "Tulidhani ni wewe."

"Mie?"

"Wewe."

"Na mkaja?"

"Si unatuona tumekuja."

Shoga yangu akaweka ufagio chini. Akakaa barazani karibu yangu, mwanamke ambaye chuoni alikuwa akipigwa bakora bila kutoa hata chozi, akavuta upande wa kanga yake akafunika uso. Mabega yakawa yanamtingishika. Tukamwacha. Mvua ilikuwa imekatika, na wale wanawake hawakuondoka, walijibanza ukutani na vitu vyao.

"Miaka yote hii," akasema humo ndani ya kanga, "kila nikilala nawaza ni nani atakayenikosha nikifa."

Nilihisi hasira mpaka masikio yakapata moto. Si kwake yeye. Hasira ya mtu mzima na akili zake kulala peke yake akiwaza kama watapatikana wanawake wa kumwagia maji akishakufa, hapo hapo kijijini alipozaliwa.

"Nitakukosha mie," nikamwambia. "Mwanamke weye, unawaza upuuzi gani? Nitakukosha mie kwa mikono yangu."

Akafunua uso. Macho mekundu, lakini akanikagua tangu kichwani mpaka miguuni, kama alivyokuwa akinikagua zamani nikivaa nguo mpya.

"Utanikosha vipi na magoti hayo? Utaweza kuinama?"

"Ndiyo maana natembea," nikasema. "Inuka, vaa viatu."